Kilichokuwa Nyuma ya Pazia la Kinyozi

Husemwa lisemwalo lipo. Safari hii halikuwapo. Mwenye duka la vitambaa, aliyeuambia mtaa mzima kwamba kinyozi wa mkabala hulewa asubuhi nyuma ya pazia, aliona mambo matatu ya kweli: mikono inayotetemeka, jasho usoni, na mtu anayetoka pembeni akijifuta mdomo. La nne, yaani pombe yenyewe, hakuiona, aliitunga. Chupa ilikuwa ya soda ya machungwa. Ukoo wa kinyozi haujatoa mlevi tangu enzi za babu, na ulevi haukuanzia kwake.

Kinyozi huyo wateja walimwita Mkono Mwepesi. Kiti alichorithi kwa baba yake kilikuwa cha chuma, kizito, ngozi yake imeshonwa na kushonwa tena, na mtu akikikalia, chenyewe hulalamika kama mke aliyeamshwa mapema. Vijana wenye mashine za umeme walijaa kila kona, lakini aliyetaka ndevu za wembe, zenye povu la moto na taulo, alimfuata yeye. Wembe ndio uliokuwa jina lake. Bila huo angekuwa mnyoaji kama wanyoaji wengine.

Sukari ilimwanza akiwa bado kijana. Alijidunga sindano, akala kwa wakati, akaizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji asiyehama. Halafu siku moja wateja walifurika, akachelewa kula. Wembe ukiwa chini ya sikio la mtu, sukari ikashuka na mkono ukamcheza. Lilitoka tone moja la damu. Akalipaka shabu, lile jiwe la kukatia damu, likakauka, na mteja mwenyewe alicheka. Mkono Mwepesi hakucheka.

Tangu hapo, kila aliposhika wembe moyo ulimwenda mbio, jasho jembamba likamtoka, vidole vikatetemeka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Shida ni kwamba sukari ikishuka nayo huja vivyo hivyo: moyo, jasho, vidole. Wageni wawili wenye sura moja wanabisha mlango mmoja, na mwenye nyumba hajui anayebisha ni nani. Basi akawa anawapokea wote kwa namna moja. Ananong'ona, "Samahani kidogo," anaingia nyuma ya pazia, anapiga funda la soda, analamba unga wa glukosi kiganjani. Ndipo anatoboa kidole na kupima. Mashine ya kupimia sukari ikawa inamwonyesha namba kubwa ajabu. Akaamua imeharibika, maana mtu anayetetemeka vile sukari yake haiwezi kuwa juu.

Siku iliyozaa uvumi, kitini alikuwapo mwalimu mkuu mstaafu, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu. Kinyozi aliingia nyuma ya pazia akakawia. Povu lilipoanza kukauka, mzee alitoka mlangoni kutafuta mtu wa kumsaidia, na wa kwanza kumwona akawa mwenye vitambaa.

"Mwalimu, leo umenyolewa kwa awamu?"

"Fundi hajisikii vizuri."

"Asubuhi yote hii? Huko kutojisikia vizuri tunakujua. Kunauzwa kwa chupa."

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imefika nyumbani kwa kinyozi kabla ya mwenyewe.

"Achana na huo wembe, baba watoto," mkewe alimwambia akimwekea chakula. "Nunua mashine kama wenzako."

"Na kiti?"

"Kiti hakina wivu. Watu watakikalia hivyo hivyo."

Alijua amesema kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliomba asubiriwe mpaka siku ya kliniki. Kama huko hawatamwambia jipya, wembe ataufungia kabatini.

Muuguzi wa kliniki alikuwa wa rika la binti yake, mwenye macho ya mtu asiyedanganyika.

"Baba, sukari yako imepanda sana miezi hii. Unakula nini?"

"Nakula mlivyonielekeza. Ila ikishuka nakunywa soda."

"Inashuka lini?"

"Kila nikishika wembe."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Sukari haijui kama umeshika wembe au kijiko. Unapima kabla ya kunywa, au baada?"

"Baada. Tena hiyo mashine yenu mbovu."

"Unanawa mikono?"

"Mimi kinyozi, mwanangu. Nanawa kutwa."

"Ukishalamba glukosi, unanawa?"

Alikitazama kiganja chake.

Muuguzi hakumhubiria. Alichovya kidole chake mwenyewe kwenye kopo la glukosi lililokuwa mezani, akakipangusa kidogo, akakitoboa. "Mimi sina ugonjwa wa sukari," alisema, akamgeuzia mashine. Ishirini na moja. Kisha akanawa kwa sabuni, akajikausha, akatoboa kidole kingine. Tano.

Mkono Mwepesi alitazama vidole vile viwili vya mtu mmoja, akaangua kicheko hadi waliokuwa kwenye benchi nje wakachungulia. "Kumbe siku zote nilikuwa napima kopo."

"Umepima kopo vizuri sana, baba."

"Na mtetemeko je?"

"Mara nyingi huenda ni hofu. Nayo inatibiwa, si aibu. Kuna mtu wetu wa ushauri, utamwona. Lakini usikisie. Nawa, pima, ndipo uamue. Ikiwa chini ya nne, kunywa hiyo soda na usishike wembe mpaka irudi. Siku huna cha kupimia, kunywa kwanza."

Alirudi kazini na hamu ya kujua, kama mtoto aliyefungua redio ya baba yake. Mashine ya kupimia aliitoa nyuma ya pazia akaiweka mbele ya kioo, karibu na shabu. Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kuiona.

"Nimekuja na mashavu yote mawili," mzee alisema akikalia kiti. "Leo usinibakizie."

Wembe uliposhikwa, wageni wakabisha. Kinyozi akauweka chini, akanawa, akatoboa kidole pale pale. Mzee alinyoosha shingo yenye povu.

"Inasemaje?"

"Sita. Sukari imetulia. Huyu ni woga."

"Basi mpe kiti akae. Mimi nimestaafu, sina kengele ya kuwahi."

Kinyozi akasimama amchunguze mgeni wake. Woga, aligundua, humkausha mdomo na kumfungua masikio: alisikia hata skrubu ya feni iliyolegea. Sukari ikishuka, sauti huenda mbali, naye hukasirikia vitu visivyo na kosa, kama ndoo. Hakuwa amewahi kuwatazama wageni hao wawili hivyo. Kila mara alikuwa akiwakimbia. Vidole vilipoa, si kabisa, vya kutosha. Alinyoa shavu la kwanza, akanyoa la pili. Shabu haikufunguliwa.

Baada ya hapo wateja wakaanza kukisia namba ya mashine. "Leo saba." "Huyu? Ameamka na kisirani, nane." Naye akawa anatamba kwamba sasa anawatambua wageni wake kwa hatua tu. Mpaka siku moja alipoapa ni woga, mdomo mkavu, masikio wazi, na mashine ikasema tatu. Alikunywa soda mbele ya watu wote, akakaa kwenye kiti cha baba yake, huku mteja mwenye povu akimpepea kwa taulo.

"Kinyozi hajinyoi," mteja alisema, "lakini kukaa anajua."

Tangu siku hiyo hatambi. Hupima.

Woga haujahama. Kwa mshauri anakwenda, na kuna asubuhi humchukua muda kuuinua wembe. Lakini huuinua. Kabati halikufungwa, na jina lake bado ni Mkono Mwepesi.

Mwenye vitambaa naye siku hizi huja kunyolewa, na hukisia namba kwa sauti kuliko wote. Kama aliomba radhi au hakuomba, na aliambiwa nini, hilo linabaki ndani ya ukoo wa kinyozi. Pazia limefunguliwa kiasi cha kuonyesha chupa ya soda. Zaidi ya hapo halifunguliwi.