Soketi za Shemeji

Siku shemeji yangu aliponiletea soketi mbili mpya za umeme, nilijua ana jambo. Yeye ni kaka mkubwa wa mume wangu, hukodisha muziki kwenye maharusi hapa Morogoro, na tangu niolewe hajawahi kuniletea hata mkate. Alizitoa mfukoni zikiwa bado kwenye nailoni, akaziweka juu ya cherehani yangu.

"Shemeji, zifunge hizi nyuma ya spika zako," alisema. "Hazilegei. Mimi vyombo vyangu vyote nimefunga hizi."

Aliposema "vyombo vyangu vyote" ndipo nilipoinua macho.

Spika hizo nilikuwa nazitengeneza kwa ajili ya sebule yangu. Mimi ni mshonaji, nakaa kutwa nzima na redio, na ile ndogo ilikuwa imenichosha kwa sauti yake ya mbu. Mbao nilipata kwa seremala wa Mji Mpya, spika zenyewe nilizing'oa kwenye maboksi mabovu, na ufundi niliudokoa kwenye simu, video moja baada ya nyingine. Kilichobaki ilikuwa kuchagua mahali pa kuchomekea waya. Sasa nikifunga soketi kama za shemeji, nyaya zake zitaingia kwenye spika zangu bila taabu, na kila Jumamosi yenye harusi nitasikia hodi.

"Na mtoto akichukua waya wa spika akauchomeka ukutani?" nilimuuliza. "Si ataziunguza?"

"Kwani hapa kuna mtoto?"

Nilizichukua soketi na nailoni yake, nikazitia kwenye mtoto wa meza, nikamwambia ahsante.

Kesho yake nilikwenda mjini, kwenye duka moja la vifaa vya redio, nikiwa na sumaku yangu ya kuokotea pini. Muuzaji alinipa vifundo viwili vya kukazia waya, chekundu na cheusi, vinang'aa kama hereni.

"Shaba tupu hii, dada. Imepakwa dhahabu."

Nikatoa sumaku. Ikanasa pale pale.

"Shaba gani inayopenda sumaku?"

Alicheka, akainama chini ya kaunta, akatoka na vingine ambavyo sumaku haikuvinasa. Ila macho yangu yalishaangukia kitu kingine: plagi nene nyeusi, unaiingiza, unaizungusha, inalia ka! na haichomoki mpaka uvute kilimi chake. Nilizipenda kwa sababu zinashika vizuri. Nilizipenda zaidi kwa sababu shemeji hakuwa nazo.

Nilinunua mbili pamoja na vibati vyake vya kuchomekea, nikazifunga mwenyewe nyuma ya maboksi. Waya nilionunua ulikuwa wa plastiki angavu, upande mmoja nyuzi za rangi ya shaba, upande wa pili nyeupe. Nikajiwekea sheria kwamba shaba ni chanya, nyeupe ni hasi, kwa spika zote mbili. Nililehemu, nikavutavuta kila waya kuona kama umeshika, kisha nikagusisha betri ya tochi kwenye ncha za waya. Karatasi ya spika ilisogea mbele. Ya pili nayo mbele. Zikisukuma pamoja namna hiyo, besi hujaa chumba. Moja ikivuta wakati mwenzake anasukuma, besi inaliwa hewani. Nilipowasha muziki, sauti ya mwimbaji ilisimama katikati ya sebule, na besi ikanigonga kifuani. Nilikaa sakafuni nikicheka peke yangu.

Mwezi huo mama yangu aliugua huko Mkuyuni. Mume wangu anafanya kazi Kisaki, kwenye nyumba ya wageni, na huja nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo ufunguo niliuacha kwa mama jirani, mtu mzima ninayemwamini. Nilimuuguza mama mpaka akaweza kwenda shambani mwenyewe, nikarudi.

Jambo la kwanza niliwasha muziki. Sauti ilikuwa imekonda. Mwimbaji alikuwa kila mahali na hayuko popote, besi hamna. Nikageuza boksi la kwanza. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimekwaruzwa, vinang'aa upya. Nikaleta betri. Spika moja ikasogea mbele. Ya pili ikarudi ndani.

Mtu alikuwa amezifungua spika zangu.

Sikuwaza mara mbili. Nilimkuta shemeji uani kwake anapuliza vumbi kwenye amplifaya.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Shemeji, nani kafungua spika zangu?"

Hakushtuka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu asiyejua kitu angeuliza zimefanyaje.

"Wallahi, shemeji, mkono wangu haujagusa bisibisi."

Niliondoka nikiwa nimeshika kiapo chake, nakigeuza kama nilivyogeuza boksi. Hakusema hajazitumia. Alisema mkono wake.

Nikapita kwa mama jirani. "Mama, ufunguo wangu ulimpa shemeji?"

"Nimpe shemeji wako nyumba yako? Nilimpa mumeo, mwanangu. Alikuja, akakaa siku mbili. Hakukuambia?"

Nilisema aliniambia, nimesahau tu. Nilitembea mpaka nyumbani kama mtu aliyevishwa viatu vya mwenzake. Mume wangu alinipigia simu kila jioni nilipokuwa Mkuyuni, akiniuliza hali ya mama, akilalamikia joto la Kisaki. Niliingia chumbani. Kitanda kilikuwa vile vile nilivyokiacha, shuka imekunjwa pembeni kwa mkunjo wangu, khanga yangu juu ya mto. Nikarudi sebuleni nikafungua skrubu. Chini ya kibati cha plagi yangu kulikuwa na matundu mapya mawili ya skrubu kwenye mbao. Kwenye mtoto wa meza, zile soketi hazikuwa na nailoni tena.

Simu sikupiga. Nilimsubiri mume wangu aje mwisho wa mwezi, na siku zile niliwaza kila jambo ambalo mke anaweza kuwaza.

Alipofika nilimpa chai, nikamwekea soketi kando ya kikombe. Alichukua moja, akaigeuza.

"Boksi la kaka liliungua, na harusi ilikuwa kesho yake," alisema. "Akaniita. Nikafunga hizi, wakapiga muziki, nikarudisha za kwako."

"Ulikosea waya."

"Sikukumbuka shaba ilikuwa wapi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Na kaka ndiye aliyenisomesha."

Hilo nililijua. Nikamuuliza alilala wapi.

"Hapa. Kitandani kwetu. Nilitandika kama ulivyoacha."

Alilisema kama jambo la kumtetea. Waya alikosea, kitanda hakukikosea hata kidogo, na kwenye simu hakukosea hata neno. Nilitaka kumuuliza ni mara ngapi ametandika hivyo, nikaogopa kwamba atajibu haraka, kama mtu aliyezoea.

Jioni ile nilirekebisha waya yeye akinishikia tochi. Tulipowasha, besi ilikuwa imerudi. Alitabasamu, akasema, "Sasa nimesikia ulichokuwa unasema." Aliniomba radhi, na naamini aliomba kwa moyo wake. Nilimpakulia chakula, tukala pamoja, tukazungumza habari za mama.

Baada ya chakula nilichukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikatia tone juu ya kila skrubu, ili skrubu ikizungushwa rangi ipasuke, nami nijue. Nilifanya mbele yake. Alinitazama mpaka nikamaliza boksi la pili, akauliza kama itakauka haraka.

"Inakauka upesi," nilisema.

Akatoka nje kupiga simu, nikamsikia anaongea kwa sauti ile ile aliyokuwa akinipigia nayo Mkuyuni.