Ndege Iliyochemshwa

Sijui ni mtoto gani wa ng'ambo aliyeanza kuiunganisha ile ndege, lakini kazi ya mikono hakufunzwa. Niliipata sokoni Gikomba, kwa mama mmoja anayeuza vitu vya kuchezea vya mitumba. Sanduku la karatasi lilikuwa limevimba kwa unyevu, picha ya juu imefifia, na ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunda mfano wa ndege ya abiria ya zamani, ya propela mbili, aina ile ile aliyokuwa akiiosha baba ujanani mwake kule uwanja wa ndege wa Embakasi. Ndiyo sababu niliinunua. Presha ya macho ilikuwa inamla baba polepole, daktari alisema dawa zinachelewesha tu, na baba kila mara alituambia angependa kuiona ndege yake tena kabla macho hayajafunga kabisa.

Nilipomwaga vile vipande mezani nilivisukuma kando kwa ncha ya kalamu. Gundi ilikuwa imemwagika juu ya bawa ikakauka kama kamasi, na ndani yake alama za vidole, unywele mmoja na kipande cha ukucha. Chini ya sanduku kulikuwa na mavi ya panya na chingamu iliyotafunwa. Nililalamika jioni nzima. Inanuka, inatia kinyaa, watu wengine hulelewa na nani?

Mama ana sheria yake tangu tukiwa watoto: kitu cha Gikomba hakikai ndani ya nyumba kabla hakijachemshwa. Suruali, shuka, hata kofia ya baba ya kanisani, vyote vimepitia karai la maji moto na sabuni ya unga. Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilikuta ndege yangu imeanikwa kwenye kamba ya nguo, kipande kwa kipande, imebanwa kwa vibanio katikati ya soksi. Mabawa yalikuwa yamejikunja kama maganda ya ndizi.

"Si wewe ulisema inanuka?" mama akaniuliza. "Sasa hainuki."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia niigundishe hivyo hivyo, yeye ataielewa tu. Nikakataa. Ndege ya mabawa yaliyopinda ni takataka, na takataka sikuzaliwa kuitengeneza.

Nikayarudisha mabawa kwenye maji moto mimi mwenyewe, nikayakandamiza kati ya vioo viwili mpaka yakanyooka. Hapo ndipo nilipoanza kuona uozo mwingine. Viti vya marubani vilikuwa vijidonge vya plastiki visivyo na umbo, upuzi mtupu, nikavitupa na kukata vingine kwa bati la mkebe wa soda. Antena ilikuwa nene kama njiti ya kiberiti, nikaweka uzi mmoja wa nywele za kusukia. Mistari ya bodi ilikuwa imezibwa na ile gundi ya shetani, nikaichora upya kwa sindano. Nikapaka filla, ile lipu ya mafundi wa magari ya kuziba mabonde, nikapiga msasa, nikapaka rangi, nikaichukia rangi, nikaikwangua yote. Jirani akija akiisifu, nilimwona hana macho. Baba akiniuliza, nilimjibu bado, kuna uchafu kidogo mkiani. Kadiri miezi ilivyokwenda aliuliza mara chache zaidi, nami nilishukuru kwamba ameacha kunisumbua.

Niliimaliza Jumapili moja, na baada ya kanisa nikaikagua kwa jua la mlangoni. Hata mimi sikupata cha kuchukia. Nikampelekea baba kwenye kiti chake karibu na dirisha, nikamwekea mikononi. Akaipapasa kutoka pua hadi mkia, akaiinua kwenye mwanga, akatabasamu.

"Imetoka safi sana," akasema. "Hata madirisha yake yanaonekana vizuri."

Alikuwa ameishika tumbo juu, magurudumu yakielekea dari.

Mama akainama, akaigeuza taratibu mikononi mwake kana kwamba anamweka tu vizuri shuka la magotini, akamwambia ndiyo, ni nzuri sana. Kisha akanifuata jikoni, akafunga mlango ili baba asisikie.

"Ungempa ikiwa imepinda," akaniambia.