Hapa Hakuna Mtoto

Mlango wa fundi ulikuwa na kitasa, makomeo mawili na mnyororo, na bado kila ulipogongwa aliuliza "Nani?" mara tatu kabla ya kutoa jicho moja. Ndiyo maana jengo zima lilimwita Chungulia. Alilijua jina hilo, akawajua na walioanza kulitumia, na wote alikuwa amewapanga kichwani mwake, ghorofa kwa ghorofa. Mtu akimsalimia kwa bashasha, alijiuliza anataka nini. Asipomsalimia, alijiuliza amesikia nini. Kuishi namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kushona, lakini yeye aliziweza zote mbili.

Hakuzaliwa hivyo. Maghorofa yale yalikuwa ya halmashauri, yamejengwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba za watu waliojijengea wenyewe. Hao wa ng'ambo waliamini kwamba wa ghorofani wanakaa bure, ingawa kila mwisho wa mwezi waliwaona wamepanga foleni ya kodi. Na hao hao ndio waliokuwa wateja wake. Walimletea sare za watoto azishushe pindo na magauni ya kubadilisha zipu, na walipokuja kuchukua, waligeuza nguo nje ndani mbele ya macho yake, wakakagua vifungo kimoja kimoja. Miaka kumi na moja alikaguliwa vifungo, naye akajifunza kukagua watu.

Mtoto aliletwa akiwa na miaka sita. Mama yake alikuwa amefariki, ndugu wametafutwa hawakupatikana, na ofisi ya ustawi wa jamii ikamweka kwa fundi kwa malezi ya muda. Muda huo ukawa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza binti alilala na viatu miguuni, na fundi hakumvua, aliweka gazeti tu chini ya miguu yake ili shuka zisichafuke. Hakuwahi kumwita mama. Alimwita Fundi, kama wateja walivyomwita. Fundi alijiambia halimuumi, na huo ulikuwa uongo.

Wateja nao walikuwa na yao. "Huyo umempata wapi?" aliuliza mwalimu mmoja mstaafu wa ng'ambo, amesimama apimwe sketi. "Nasikia siku hizi ukichukua mtoto unaongezewa chumba."

"Geuka kidogo, mwalimu," alisema fundi, pini nne mdomoni.

"Mimi nakwambia kwa wema. Damu nzito kuliko maji. Atakula, atakua, ataondoka." Fundi akamchoma na pini kwenye nyonga, akaomba radhi, na mimi sina hakika kama ilikuwa bahati mbaya.

Chumba cha pili alikuwa amepewa kweli, kwa haki, na jina la mtoto lilikuwa kwenye daftari la nyumba kama sheria ilivyotaka. Lakini midomo ya watu aliijua. Kwa hiyo majirani aliwaambia kwamba huyu ni mtoto wa dada yake, amekuja kukaa kidogo. Mtoto naye akapewa amri moja: shuleni, nyumbani, basi, na mlango wa mtu asiuguse.

Kitu kilichomkera zaidi mle ndani kilikuwa bomba la maji. Mara kwa mara, mchana kweupe, liligongwa kutoka chini, nga, nga, nga, na papo hapo milango ikafungwa na redio zikazimwa, hadi ghorofa ya juu kabisa. Aliamini ni yeye anayesemwa. Aliona wanaambizana anapita, afadhali wanyamaze.

Mwaka wa tatu alipeleka ombi la kuasili, mtoto awe wake moja kwa moja. Afisa aliyemzoea alikuwa amehamishwa, akaja mwingine, mama mwembamba mwenye miwani na faili la bluu, ambaye hakuna mtu jengoni aliyewahi kumwona. Alifika siku ya Alhamisi mchana bila taarifa, kama kazi yake inavyomtaka, wakati fundi amekwenda kupeleka sare. Fundi aliporudi alikuta karatasi chini ya mlango: afike ofisini Jumatatu asubuhi, pamoja na mtoto na vitu vyake.

Hayo maneno mawili ya mwisho aliyasoma mpaka yakampotea maana.

Ofisini, yule mama wa miwani hakupandisha sauti. Angefoka, fundi angejua la kufanya.

"Niligonga kwako, hakuna mtu. Nikagonga milango mitano mingine, toka chini mpaka juu. Nikauliza, yupo mtoto wa kike anaishi kwa fundi? Wote watano wamenijibu hakuna. Mmoja ameniapia kabisa kwamba humo hajawahi kuishi mtoto."

"Nani?"

"Haikuhusu nani. Kuna watu wanaandikisha mtoto wapate chumba, halafu wanampeleka akaishi kwingine. Tumeshawakuta."

"Nendeni shuleni kwake mkaulize!"

"Nimekwenda. Shule inajua anasoma. Haijui analala wapi." Akamgeukia mtoto, akalainisha sauti. "Mama, Alhamisi ulitoka shule saa ngapi?"

"Saa nane."

"Ukaenda wapi?"

Binti akaangalia vidole vyake. Fundi akasubiri aseme nyumbani. Mtoto hakusema nyumbani wala popote. Alifumba mdomo kabisa, na afisa akaandika jambo katika faili. Kisha akaeleza kwamba atampa fundi mpaka Ijumaa. Alete mtu mzima mmoja anayeishi mle jengoni, athibitishe kwa sahihi. Akikosa, mtoto atahamishiwa kwa familia nyingine, na ombi litafungwa.

Walirudi kwa miguu. Fundi alibeba begi la mtoto mwenyewe, asije akamwona analizoea. Moyoni alikuwa anawachambua wale watano. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na watano hao walikuwa wamemla pamoja. Lakini lililomkata maini lilikuwa kile kimya cha ofisini. Kwa hiyo hata huyu ananificha kitu, aliwaza, na akaogopa kumwuliza.

Siku mbili alishona bila kujua anashona nini, akaunga mkono wa shati kwenye shingo. Jumatano jioni alirudi mapema kutoka kwa wateja, mtoto hajaingia bado. Akavua futi ya kupimia shingoni, akatoa mnyororo, akavuka korido hatua nne, akagonga mlango wa mbele. Hapo aliishi dobi wa hospitali, mwanamke mrefu anayeongea kidogo na kunukia sabuni ya dawa. Katika ule mpangilio wa kichwani, dobi alikuwa wa kwanza. Aliwahi kuzoa takataka za mlangoni kwa fundi bila kuombwa, na mtu wa namna hiyo hakosi lake.

"Wewe umeapa," fundi alianza, hata salamu hakutoa. "Umemwapia mtu wa serikali kwamba kwangu hakuna mtoto."

"Nimeapa, ndiyo."

"Nimekukosea nini mimi?"

Dobi akamtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. "Umenikosea? Nimekuokoa, dada! Mtu wa nyumba wa halmashauri kaja na faili lake la bluu, anauliza nani anaishi wapi. Fundi viatu wa chini kagonga bomba, sisi tukajua. Ulitaka niseme yupo? Si mtoto wa dada yako, hayumo kwenye daftari? Mgeni akizidisha siku kumi na nne mnatolewa wote wawili na cherehani yenu."

"Bomba?" fundi aliuliza.

Jengo zima, dobi akamweleza, lilikuwa na watu wasiokuwemo kwenye daftari. Ghorofa ya kwanza shemeji, ya pili mkwe na mapacha, kwa fundi viatu mwenyewe kaka mtu anayelala chini ya meza. Anapokuja mkaguzi wa halmashauri, bomba linagongwa, na kila mmoja anaapa kwa ajili ya mwenzake. Chungulia peke yake hakuambiwa, kwa sababu alikuwa hafungui mlango. Lakini na yeye walimwapia. Ilikuwa desturi.

"Yule alikuwa wa ustawi," alisema fundi. "Mtoto yumo kwenye daftari. Kwa sheria kabisa. Niliwadanganya ninyi."

Dobi akasogea pembeni. "Ingia," alisema. "Uone vizuri tulivyoharibu."

Nyuma ya pazia la maua, kwenye kitanda chembamba, alikaa bibi mmoja mnene, amekumbatia kitana. Miguuni pake, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, alikaa binti wa fundi. Alipomwona Fundi, alisimama wima.

"Alhamisi alikuwa hapa," alisema dobi. "Anakuja kila akitoka shule, ukiwa umekwenda kwa wateja. Mama anamsuka, kwako anasema ni wenzake wa shuleni. Yule mwanamke aliponiuliza kama kuna mtoto, mtoto mwenyewe alikuwa hapo ulipomkuta, mama kamziba mdomo kwa kiganja. Tulimwambia asimwambie mtu kwamba humu kuna bibi. Asimwambie mtu yeyote."

Naye hakumwambia mtu, hata mbele ya faili, hata kwa tishio la kuhamishwa. Fundi alimtazama yule mtoto wa miaka tisa aliyejua kutunza siri ya watu, akaona haya mpaka masikio yakawaka.

"Nikija Ijumaa," dobi alisema taratibu, "ataniuliza kwa nini niliapa."

"Mwambie ulikosea."

"Nitaona."

Usemi huo, nitaona, ulimtafuna fundi siku nzima ya Alhamisi. Alijua maana yake, ni hapana yenye adabu. Na ni nani angemlaumu? Mama ni mama. Fundi akapita milango mingine minne na kupiga magoti kwenye mmoja. Kila mtu alisikitika kwa dhati, akamwonea huruma, na kukumbuka kwamba Ijumaa ana safari.

Ijumaa saa tatu aliketi kwenye benchi la ofisi, mtoto ubavuni, begi chini. Saa tatu na nusu. Saa nne kasoro. Alishaanza kumlaani dobi kimoyomoyo, na laana zilikuwa zinakuja vizuri, wakati dobi alipoingia na koti lake la kazini, viatu vimelowa.

Alisema yote aliyoombwa. Mtoto analala kwa fundi, anaamshwa saa kumi na mbili, anagombezwa kwa ajili ya kunawa miguu, na kuta ni nyembamba, yanasikika yote. Akaweka sahihi.

"Kwa nini mara ya kwanza uliniapia uongo?" afisa aliuliza.

"Nilidhani wewe ni mtu wa nyumba."

"Na mtu wa nyumba unamwogopea nini?"

 Uongo ulikuwepo tele, ungetosha wa kawaida tu. Dobi akavuta kiti mbele.

"Nina mama yangu ndani," alisema. "Hayumo kwenye daftari. Mwaka wa nne huu namfundisha kukohoa polepole."

Kalamu ilisimama. Afisa akavua miwani, akaivaa tena. Hakuahidi lolote. Alisema tu kwamba mambo ya nyumba si ya ofisi yake, kwamba ameridhika, mtoto arudi nyumbani na begi lake, na ombi liendelee. Fundi alisikia kila neno na hakuamini hata moja mpaka walipofika barabarani, mtoto ametangulia mbele, anaruka mistari ya lami.

Furaha ilikuwepo, kubwa, lakini haikukaa peke yake. Atawaambia wa halmashauri, aliwaza. Mwenye faili ni mwenye faili tu. Akamshika dobi mkono wa koti.

"Kwa nini umemtaja mama? Ungesema chochote kile. Yule humjui, mtu wa kupita tu, kakuuliza neno moja ukammwagia yote!"

"Kaniuliza," alisema dobi, hakupunguza mwendo. "Miaka sita tunatazamana mlango kwa mlango, dada, hatua nne tu, unasikia mtu anakohoa. Wewe hujawahi kuniuliza."

Fundi alifungua mdomo kujitetea. Alikuwa na maneno, hakuwahi kuyakosa. Alitembea hatua kadhaa nayo, mpaka mbele yao mtoto akageuka kuona kama wanakuja.

"Mama anaumwa nini?" fundi alimwuliza dobi.