Ufunguo wa Kabati la Chatu

Nilirudi Bongwe mwishoni mwa miaka ya tisini na diploma ya ufundi wa majokofu, niliyoisomea Ujerumani kwa jasho langu, bila kuchangiwa na mtu. Nayasema haya kwanza kwa sababu wakati ule niliyasema kwanza kila mahali. Chumba cha baridi kikiharibika katika hoteli yoyote ya Diani, aliyeitwa ni mimi.

Chatu nilipewa na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifunga nyumba yake ya Diani arudi kwao. Alikuwa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, jike, mpole, ambaye akiogopa hujikunja akawa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Nilimtengenezea makao ambayo mpaka leo najivunia. Nililichukua kabati la kioo la kuonyeshea keki, lililotupwa na hoteli, nikaliweka juu ya meza chumbani kwangu. Taa ya kumtia joto niliizungushia waya asijiunguze, nikafunga na kifaa cha kuizima joto likizidi. Chungu kilichopasuka nilikilaza awe na pa kujificha. Juu kulikuwa na mfuniko wa wavu wa chuma, na kufuli. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao niliuning'iniza kwenye mkanda ili watu waulize ni wa nini.

"Mzungu wetu kaoa," alisema shangazi yangu siku ya kwanza, amesimama mlangoni, haingii. "Lakini bibi harusi mwenyewe hana miguu!"

Mama hakucheka. Aliogopa nyoka tangu utotoni, hata kumtaja hakumtaja. Alisema "huyo mgeni wako". Alichokitazama yeye ni meza.

"Mwanangu, miguu ya meza mbona mitupu? Itie kwenye vikopo vya maji, kama kabati langu la chakula. Siafu wakija je?"

"Mama, hapa hapana sukari. Huyu ni nyoka."

"Walimla kuku wangu akiatamia, hakuondoka juu ya mayai yake."

"Kuku wako hakuwa na fundi mwenye diploma."

Shangazi aliangua kicheko, nami nikaona nimesema neno. Hesabu yangu yote ilikuwa moja tu, nyoka asitoke. Kwamba kitu kingeweza kuingia, naye asiwe na pa kukimbilia, halikunipitia akilini.

Siafu walikuja siku ya Jumamosi, mvua za vuli zilipokuwa zimeyajaza maji mashimo yao. Mimi nilikuwa kazini Galu. Niliporudi alasiri nilikuta majivu yamemwagwa sakafuni, chumba kinanuka mafuta ya taa, na mfuniko wangu umekunjwa pembe moja, nyaya zimechomoza nje. Sikuuliza chatu yuko wapi. Nilipaza sauti:

"Nani kaharibu kazi yangu?"

"Njoo huku," mama aliitika kutoka uani. "Na usipige kelele, anaogopa."

Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, mikono yote miwili ndani ya beseni la maji. Kati ya mikono ile chatu alikuwa amejikunja mviringo, na mama alikuwa akiwachomoa siafu mmoja mmoja kutoka kwenye magamba yake, huku midomo ikitetemeka kwa dua. Kufuli lilimshinda, akaukunja wavu kwa mwiko, na mwiko ulipovunjika akaendelea kwa vidole. Vidole vilikuwa vimechanika, na viganja vimevimba kwa kuumwa.

Chatu alipona. Mama nilimwambia maneno haya tu: "Ungemtuma mtu aje kuniita."

Kesho yake alikuja mwalimu aliyenifundisha darasa la saba. Habari za chatu na siafu zilikuwa zimekwisha kumfikia, ila hakujua ni nani aliyefanya nini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi wetu. Haya, nieleze. Nasikia walikaribia kumla?"

Nikamweleza. Nilisema nilirudi nikawakuta wamemjaa mwili mzima. Nilisema hapakuwa na wakati wa kutafuta ufunguo. Nilisema niliushika wavu kwa mikono yangu hii, nikaupasua.

Hapo mama akaingia na sinia la chai, vidole vimefungwa vitambaa.

"Dada, mikono imefanya nini?" mwalimu akamwuliza.

Mama alinitazama mara moja tu.

"Mafuta ya moto, mwalimu. Nilikuwa nakaanga mahamri."

"Pole sana. Pakaa asali."

"Ahsante. Nitapakaa."

Akaviweka vikombe polepole, kimoja kimoja, kwa sababu vidole havikukunjika, akatoka. Mwalimu akanigeukia.

"Enhe, ukaupasua wavu. Halafu?"

Nami nikamsimulia yaliyofuata.