Mwanaume Mmoja Kabla ya Jua Kuzama

Siku ya mwisho ya amani ilikuwa siku ya soko, na mimi nilikuwa nakata vitunguu nikiwa na hasira. Shule ilikuwa imefungwa, nilikuwa msichana wa Fomu Tatu, nilitaka kwenda Nairobi kwa binamu zangu. Badala yake mama alisema nimsaidie dadake, Anti Ndunge, kwa hoteli yake hapo Kithyoko. Hoteli ni kusema tu. Ilikuwa mabati, meza nne, na sufuria ya chai ambayo haikuwahi kupoa.

Meza ya karibu na mlango ilikuwa ya Adan, Msomali wa kununua mbuzi. Alikuwa amekaa kwetu miaka mingi na alijua Kikamba kuliko mimi. Chai yake ilikuwa na sukari mpaka unashangaa.

"Ndunge," akamwambia Anti, "Jumapili huendi kanisa, Ijumaa huji msikiti. Huko mbele moto itakusumbua."

"Moto nimezoea. Kwani mandazi napika na nini?"

Watu walicheka. Baba alikuwa hapo pia, mzee wa kanisa, akacheka akiangalia chini ili asionekane. Mimi sikucheka. Nilikuwa kwa kwaya ya vijana na niliamini kabisa kwamba mtu bila Mungu hawezi kuwa na huruma ya kweli, labda tu tabia nzuri ya biashara. Nilikuwa nimemwambia Anti hivyo asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniongezea vitunguu.

Siku hizi naishi Mlolongo, kwa chumba cha kukodisha, malori yakipita usiku na mchana. Ningepewa kitu kimoja tu kutoka huko nyuma, ningeomba ile asubuhi, na moshi yake, na baba akificha kicheko.

Vita ilianza na ndengu, choroko za mashamba yetu. Mvua ilikuwa imekataa, na wachungaji wa ngamia walikuja kutoka mbali, watu ambao hata Adan hakuwajua. Ngamia wakaingia mashambani. Vijana wetu wakakata ngamia kwa panga. Kisha mtu wa kwetu akapatikana amekufa, na mtu wao, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kujua nani alianza. Ng'ambo ya mto kulikuwa na bunduki. Upande wetu kulikuwa na mishale ya sumu. Katikati kulikuwa na mchanga mkavu.

Tulihamia kanisani na magodoro. Shamba letu la ndengu lilikuwa limeliwa lote, na baba alikuwa ameacha kuongea kuhusu kitu kingine. Anti alileta sufuria yake akawa anapikia watu wote uji nje, chini ya dirisha. Tukianza maombi alikuwa anabaki huko na kuni zake. Watu walikunywa uji na kumsema.

Adan alivuka mto kuwaomba wale wachungaji warudi nyuma. Alidhani watamsikia kwa sababu ni lugha yake. Labda walimsikia, sijui. Alipokuwa anarudi, vijana wetu waliona Msomali anatoka upande wa adui.

Hawakumuuliza jina.

Mama mmoja aliyeenda kuchota maji ndiye alituletea habari. Anti aliweka mwiko chini. Hakulia. Alitoa simu akampigia Hassan, ndugu ya Adan, aliyekuwa na duka Matuu. Hassan alilia kwanza, halafu akasema barabara imefungwa, hawezi kufika. Akasema ndugu yake aoshwe leo, azikwe kabla ya jua kuzama. Chifu naye, akipigiwa, alisema zikeni, mimi sijaona.

Basi Anti akaingia kanisani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuona ndani. Aliingia na aproni, katikati ya maombi, akasimama hapo mlangoni.

"Adan amelala mtoni," akasema. "Maji tutachota, shuka niko nazo. Kuosha siwezi. Mimi ni mwanamke, na yeye hangetaka. Nataka mwanaume mmoja."

Mtu akasema ngamia wamemaliza shamba yake. Mwingine akasema watu wao waje wamchukue. Pasta akasema kwa upole kwamba tuombe kwanza tupate mwongozo. Nilitaka kupiga kelele. Jua lilikuwa tayari limeingia kwa dirisha la upande ule wa jioni, na wanaume walijaa kwa hizo viti wakiangalia viatu.

Baba akasimama.

"Endeleeni kuomba," akamwambia pasta. "Mimi naenda."

Mama alimshika koti. Baba aliitoa mikono ya mama polepole, kidole kwa kidole, akachukua mtungi wa kanisa, akatoka. Nikafuata kabla mtu hajanikataza.

Mto wetu ni mchanga, maji unachimbia. Mimi nilichota, nikaleta mtungi, nikageuka nyuma. Anti alifunga leso mbili kwa miti kama pazia, akasimama upande huu na simu mkononi, mgongo kwa pazia. Hassan alikuwa anasema, Anti anarudia, baba anafanya. Upande wa kulia kwanza. Polepole. Tena. Nilisikia tu maji, na baba akipumua kama mtu amebeba gunia.

Alipomaliza kumfunga shuka, baba akaanza kwa mazoea, "Baba yetu mwenyezi, katika jina la..."

"Shemeji, hapana," Anti akamkatiza. "Hiyo ni yako. Yake inasomwa na ndugu yake."

Baba akaacha hapo. Hassan akasoma kwa spika ya simu, Kiarabu, sauti ikivunjika. Mtandao ulipokatika, walingoja. Mzee wa kanisa na mwanamke asiyeswali, wamesimama kwa mchanga, vichwa chini, wakingoja maombi ya mtu mwingine irudi. Nilimuuliza Anti kwa sauti ya chini yeye anaomba nini.

"Naombea hii network," akasema.

Wazee wawili walitoka kanisani wakaja na majembe. Wakachimba na baba. Anti ndiye alionyesha maiti aelekee wapi, kwa sababu alikuwa amemuona Adan akiswali nyuma ya hoteli kila siku ya soko. Jua lilikuwa bado juu ya kilima tulipomaliza.

Tulikuwa tumefika kwa njia ya juu baba alipokumbuka mtungi.

"Wa kanisa," akasema. Akarudi.

Risasi moja.

Halafu hakuna kitu.

Anti aliniangusha akanilalia. Alikuwa mzito, ananuka moshi. Nilisukuma, akakataa kuinuka.

Ilitoka ng'ambo. Mtu huko alikuwa amesikia kwamba Adan ameuawa, na akaona Mkamba kando ya mto. Hakujua amemuona nani. Naye hakuuliza jina.

Tulimzika baba barabara ilipofunguka. Hassan alikuja peke yake, akasimama kando ya wanaume waliokuwa wanapokezana sepetu. Zamu ilimpita, ikampita tena. Mama akasema, "Mpeeni." Wakampa. Alitupa udongo mpaka shati ikashika mgongo, na hakuna aliyejaribu kumpokea sepetu.

Pasta alihubiri kwamba baba alitii Neno. Labda ni kweli. Alikuwa mtu wa kuomba maisha yake yote, na sitaki kumnyang'anya hiyo. Wengine walisema nje kwamba ni Anti, mtu bila Mungu, alimtuma akafe. Anti alisikia. Aliendelea kugawa chakula.

Sasa anaishi na mimi. Anapikia madereva wa malori. Jumapili ananiamsha niende kanisa, halafu anarudi kulala. Juzi nilichoka kungoja nikamuuliza wazi: kama si Mungu, ni nini kilimpeleka kwa ule mlango wa kanisa?

"Adan alikuwa anakunywa chai kwangu," akasema. "Ulitaka nimwache hapo?"

Akaendelea kukanda unga. Baadaye sana, bila kuniangalia, akasema, "Niliita mwanaume mmoja. Sikuchagua nani. Nikiamka, ni hiyo naamka nayo."

Nimefikiria hii kitu mpaka nimechoka. Baba alienda na Mungu wake, Anti alienda bila, na mikono yao ilifanya kazi moja. Yale niliyoamini nikikata vitunguu siamini tena. Lakini jioni malori yakipungua, mama akinipigia simu kutoka nyumbani, nasikia vile nyumba iko kimya nyuma yake. Huo ndio wakati baba alikuwa anafungua lango na kuuliza, kabla hata ya kuvua kofia, kama tumekula.