Huruma ya Godelive

Mtu asiniambie Godelive alikuwa mama mbaya, tutagombana. Vita vilimtoa kijijini Marabo, akafika mjini Bunia, nikampa chumba nyuma ya nyumba yangu hapa mtaa wa Rwambuzi. Mgongoni alimbeba Lydie, binti yake wa miaka sita. Siku waliyokimbia, katika kusukumana, sufuria ya mafuta ya moto ya kukaangia mikate ilimmwagikia mtoto kwenye mkono wa kuume.

Lydie alilia kila alipounyoosha. Basi Godelive akaukunja kifuani, akaufunga na kitenge, akauacha hivyo mpaka kidonda kikafunga. Tulimsifu sisi wote. Kumbe ngozi mpya ilikuwa imeshikanisha kiwiko, ngumi imebaki begani. Kula kwa mkono ule hawezi, kuvaa nguo mpaka asaidiwe.

Bunduki ziliponyamaza kidogo, daktari wa kupasua alipita Bunia. Alikata lile kovu, akatoa ngozi kwenye paja la Lydie, akaibandika penye kiwiko, akaufunga mkono kwenye kibao ukiwa umenyooka, kisha akaenda zake. Adolphe, muganga wa hospitali aliyebaki na mgonjwa, akamweleza mama: "Kidonda ilipona mukono ikiwa imekunjwa, ndiyo maana ilishikana. Sasa hiki kibao kisitoke, ila wakati wa kumunyoosha kila siku. Ikijikunja tena, hatuna mutu wa kuipasua."

Hakumlaumu mtu. Lakini Godelive alikaa chini palepale mlangoni. "Ni miye nilimukunja," akasema.

Tangu hapo hatia ikamla. Na hatia yenyewe ikamlegeza zaidi: mtoto akilia tu, mama anafungua kamba za kibao. Mchana mmoja nilikuta kibao kiko chini, mkono umeanza kurudi ulikotoka. Nikakasirika sana.

"Godelive, weye unataka mutoto apone, ao unataka akupende?"

"Nilishamuharibu mara moja, mama Anastasie. Nimuumize tena?"

"Ndiyo. Muumize."

Aliniangalia kama nimemtukana. Nikasema basi nitamnyoosha mwenyewe. Akakataa. Akapaka mafuta viganjani, akashika kiwiko, akaanza. Lydie aliniita miye nimwokoe, nikageuza uso. Mama naye alikuwa analia, lakini mikono yake haikuacha. Kesho yake tena, na siku zote zilizofuata. Mtoto akawa anajificha akisikia sauti ya mama yake, akahamia kulala kwangu. Hilo lilimchoma Godelive kuliko vita.

Asubuhi moja alimkuta jikoni kwangu, akainama, akamfungua kibao ili amnyooshe. Lydie akamsukuma kifuani kwa mkono uleule.

"Toka. Sikutaki."

Godelive akayumba, akaegemea ukuta. Mkono wa mtoto ulikuwa bado uko mbele, umenyooka wote toka bega mpaka vidole.

"Umeona?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nilikuwa nimeona.