Makofi Matano ya Jina la Mama

Enzi zetu, sisi tuliosoma primeri ya kwanza bila ukuta wala bati, tunatambuana kwa magoti. Mtazame mtu yeyote wa umri wangu aliyekulia Munigi, juu ya mji wa Goma: utamkuta magotini na vialama vyeusi. Ni makoro yale, mawe ya volkano, yenye meno. Ukianguka yanakula ngozi na kuacha vumbi lake ndani, wala halitoki hata usugue namna gani. Watoto wangu wakiyaona magoti yangu wanacheka, wanasema Mama alijichora tatuu. Magoti yao wao ni laini kama ndizi iliyomenywa, maana michezo yao yote iko ndani ya telefoni, na telefoni haijawahi kumwangusha mtu.

Tulisomea nje kwa sababu darasa letu lilikuwa na wenyewe. Badeplase, watu waliokimbia vita vya milimani, walilala humo familia kwa familia, vitenge vimetungikwa kati yao badala ya kuta. Madawati yaliishia jikoni kidogo kidogo na hakuna aliyewalaumu, kuni zingetoka wapi? Hata sisi tulikuwa tumeshuka kutoka milimani Masisi mwaka mmoja kabla, ila tulipata bahati ya kupanga chumba cha mbao. Basi tukakaa kwenye mawe, madirisha ya darasa yakitupulizia moshi na harufu ya maharagi ya watu wengine, matumbo yakinguruma. Na sikio moja lilikuwa barabarani saa zote. Lori likipasua tairi huko chini, darasa zima lilikuwa limekwisha kusimama.

Mwalimu wetu aliitwa Madamu Vumilia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Ubao wake ulikuwa umegeuzwa mlango na familia moja, kwa hiyo alitufundisha kwa vitu vilivyokuwepo. Herufi tuliziandika kwa kidole kwenye udongo mweusi, na upepo ukazifuta kabla hajafika kusahihisha, jambo lililowaokoa wengi. Hesabu ilikuwa kuruka jiwe hadi jiwe huku ukihesabu Kifaransa kwa sauti, en, de, trwa, na ukikosea namba unakosea na jiwe. Mimi ilinishinda kwenye set, ile saba. Mpaka leo nikihesabu na kufika set, goti linakumbuka. Kushoto na kulia tulijifunza kwenye shikudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Madamu alimsimamisha papa yeyote, baba wa mtu, aliyetoka kupeleka kabichi sokoni, akamwomba aturuhusu kusukumana dakika chache, na wale mapapa waliguna lakini walikubali. Siku hizi mtoto wa primeri ya nne anaiuliza telefoni njia ya kwenda kwa shangazi yake, na shangazi anakaa nyuma ya nyumba.

Mapumziko tulikula andazi moja watu watatu, kila mmoja akipima kwa jino lake, na mwenye jino pana alitazamwa vibaya.

Lakini mchezo aliotuchezesha kila siku ya Mungu uliitwa Mutoto wa Nani. Tulifanya duara, mmoja anaingia katikati, sisi tunapiga makofi na kuuliza. Mutoto wa nani? Anataja jina la baba. Nani alikuzaa? Anataja jina la mama, kila silabi na kofi lake. Munalala wapi? Anataja kanisa, bomba la maji au duka lililo karibu na kwao. Akisita anatoka, anakwenda kukaa kwenye jiwe la wajinga. Ukijibu kwamba wewe ni mtoto wa Mama Riziki, Madamu alitikisa kichwa. "Bamama Riziki beko bengi," alisema. "Jina yake ya kweli ni nani?"

Hapo ndipo kulikuwa na shida. Ninyi wa umri wangu mnajua, mtoto aliyelelewa hatamki jina la mama yake. Riziki ni mimi, mzaliwa wa kwanza, na tangu nizaliwe jina la Mama lilikuwa limefunikwa na langu. Kwa Mama mambo ya majina yalikuwa makubwa zaidi. Baba mkwe wake aliitwa Semvura, na mvura kwa lugha ya kwao ni mvua, kwa hiyo tangu aolewe hakuwahi kutamka neno mvua. Alisema "maji ya juu". Nilikua nikiamini kwamba mvua na maji ya juu ni vitu viwili.

Tena alikuwa na sababu nyingine, ambayo haichekeshi. Kule Masisi walikuja watu na karatasi yenye majina. Wakasoma. Jina la Papa lilikuwa la tatu, akaitika, wakaondoka naye, na hatukupata hata mwili wa kuzika. Tangu hapo Mama aliona kwamba jina likiwa mdomoni mwa watu, mwenyewe hayuko salama.

Nilikuwa na mdogo wangu, Neema, wa miaka mitano. Hakuwa na umri wa shule, lakini Mama alikwenda kuuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, soko la Birere kila asubuhi, na Madamu alikubali nije naye. Mtoto huyo alishika ule mchezo kuliko sisi wanafunzi wenyewe. Siku moja tuko kwenye foleni ya bomba, bido, madumu yetu ya maji, zimepangwa, mamama wote wa mtaa wamesimama, Neema akaanza kucheza peke yake. Nani alikuzaa? Nyi-ra-ma-hi-rwe. Makofi matano, safi kabisa. Kofi la sita lilitoka kwa Mama.

Kesho yake Mama hakwenda Birere. Alikuja shuleni nasi, akasimama mbele ya Madamu Vumilia na kitenge amekikaza kiunoni, nikajua leo ni leo. Alimwambia kwamba shule inafundisha watoto utovu wa adabu. Madamu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwamba miaka ya nyuma, wakimbizi walipofurika mjini, alikuwa akiokota watoto waliopotea kando ya barabara.

"Nilibauliza, mama yako anaitwa nani?" alisema. "Bote bakanijibu, anaitwa Mama."

Mama alikikaza tena kitenge chake. Halafu akasema, "Bwana yangu balisoma jina yake kwa karatasi. Leo eko wapi?" Akatugeukia sisi, akakataza. Tungeendelea kusoma, lakini jina lake lisitoke tena midomoni mwetu. Na mimi, kwa kuwa mkubwa, ndiye niliyepewa kazi ya kulinda mdomo wa Neema.

Kulinda mdomo wa mtoto wa miaka mitano si kazi ndogo. Nilimfinya, nikamnyima andazi, wapi. Makofi yakianza tu, jina linamfika mdomoni. Nikawa naogopa kila mchezo ukianza, maana Mama angeniuliza mimi. Basi siku moja nikamvuta kando, nikamwambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Nilimwambia, si unaona Papa? Walisema jina lake, akafa. Na wewe ukisema la Mama, Mama atakufa.

Neema aliamini. Toka siku ile, zamu yake ikifika, alifunga mdomo akaenda mwenyewe kwenye jiwe la wajinga. Madamu aliona, akanitazama sana, nami nikainama kufunga kambambili, ndala ambayo haina kamba.

Haikupita muda mrefu, vita vikatufikia. Ilikuwa asubuhi, tuko kwenye namba, mlio ukatoka upande wa juu, na safari hii haikuwa tairi. Madamu alitushikanisha mikono wawili wawili, akatuambia tushuke mjini tusiachane. Barabara ilikuwa imejaa: magodoro, mbuzi, bibi kizee amekalishwa juu ya shikudu kama gunia la viazi. Nilimshika Neema kwa nguvu. Karibu na kuingia Birere kambambili yangu ikachomoka. Ilikuwa mpya, ya wiki ile, na Mama alikuwa ameniambia nikiipoteza nitaona. Nikamwachia Neema mkono, nikainama. Nilipoinuka, mkononi nilikuwa na kambambili, na Neema hayuko.

Niliita mpaka sauti ikaniishia. Mama nilimkuta pale anapouzia sambaza, anatazama kila mtoto anayepita. Aliniuliza neno moja, Neema eko wapi, nami nikamwonyesha kambambili. Sijui kwa nini. Nilikuwa sina kingine cha kumwonyesha.

Siku tatu. Tulilala katika ua wa shule moja pale Birere pamoja na watu wengi, na mchana Mama alizunguka akiita. Shida ni kwamba Goma ina kina Neema wengi. Kila akiita, vichwa vitano vinageuka, na kila kimoja kinamkata moyo. Tulisikia kwamba watoto waliopotea wanakusanywa kwenye maparokia, na ambao wazazi wao hawatajulikana watapandishwa boti kwenda Bukavu, wakatunzwe huko. Mama alisema, watamwuliza jina langu. Kisha akashika mdomo wake kwa mikono miwili, maana alikumbuka ni yeye aliyekataza. Hakujua nusu ya mambo. Mimi nilijua kwamba Neema hawezi kulisema hata wakimchapa, kwa sababu nilimwambia litamwua mama yake. Nilikaa kando ya Mama siku tatu na siri hiyo tumboni, na sikumwambia. Niliogopa. Huo ndio ukweli, niliogopa kofi wakati mdogo wangu anapotea.

Siku ya tatu, kabla jua halijawa kali, muzee mmoja wa parokia aliingia ua wetu na megafoni. Alisoma watoto mmoja mmoja, sauti inakwaruza. Akafika mahali akasema: mtoto msichana, anaitwa Neema, mama yake ni Nyiramahirwe, analala Munigi karibu na bomba.

Jina hilo lilipita juu ya vichwa vya watu wote, hadharani, na Mama akasimama.

Tulikimbia mpaka parokia yake, mtaa wa Himbi, mimi miguu mitupu. Katika ua wa parokia mwanamke mwenye daftari alitueleza. Kwa siku mbili mtoto alikataa kusema jina la mama yake. Asubuhi ile, watoto wakisubiri boti, wawili wa darasa letu walianzisha mchezo wa makofi. Yule mwanamke akasogea na daftari lake, maana aliona mchezo unamfanyia kazi. Zamu ya Neema ikafika. Wakauliza nani alikuzaa, akasita, wakauliza tena, akalisema. Tangu dakika ile, alituambia, analia na hanyamazi, nadhani ni hamu ya mama.

Haikuwa hamu. Neema alikuwa amekaa chini, uso umevimba. Alipomwona Mama hakukimbia kuja. Alirudi nyuma hatua moja, kisha akanyoosha mkono, akamgusa Mama shavuni, kama mtu anayepima chungu kama kina moto.

"Mama," alisema, "haukukufa?"

Mama hakuelewa. Neema akamweleza palepale, kwa maneno yake machache, nani alimwambia nini. Mama akanigeukia. Nililitoa shavu langu, nikafumba macho, nikangoja. Kofi halikuja. Nilipofungua macho alikuwa amekaa chini kwenye vumbi na Neema mapajani, na mimi akanivuta kwa kanzu yangu nikaangukia palepale. Ingekuwa heri angenipiga, pengine ningekuwa nimemaliza kulipa.

Kuanzia hapo mambo yaligeuka kwetu. Kila asubuhi kabla ya shule Mama alisimama mlangoni, hatoki mtu. Mimi ni nani? Tunapiga makofi matano. Majirani walishangaa, wengine walisema mwanamke huyu vita vimemharibu kichwa. Neema alilitaja kila mara huku akimkazia macho, ahakikishe. Neno mvua, hilo lilimshinda Mama mpaka uzeeni. Leo bado anasema maji ya juu.

Madamu Vumilia hatukumwona tena. Tuliporudi Munigi kulikuwa na mwalimu mwingine. Wengine walisema alielekea upande wa Rutshuru, wengine walisema alivuka mpaka. Mama alitaka kwenda kumshukuru, akauliza huku na huku, na kila alipouliza aliulizwa: Vumilia yupi, wa kwa nani? Darasa zima hatukujua. Alitufundisha majina yote, na sisi hakuna hata mmoja aliyewahi kumwingiza katikati ya duara tukamwuliza yeye ni mtoto wa nani.

Leo mwanangu wa mwisho, Baraka, yuko primeri ya kwanza. Shule yake ina ukuta mrefu, viti vya rangi na televisheni ukutani inayoimba namba. Hawatoki nje, wazazi tunalipa wasitoke. Magoti yake hayana alama hata moja, na ningepaswa kufurahi. Lakini juzi tena milima imeanza kunguruma kwa mizinga, mahema ya shitingi ya wakimbizi yamejaa kule Munigi, na madarasa ya jirani yamepata wenyewe. Nikamwuliza Baraka, ukipotea utafanya nini? Akasema atanipigia simu. Nikamwuliza, na simu ikizimika, watu wakikuuliza mama yako ni nani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Mama," akasema.

Nilimtoa nje, nikamkalisha kwenye makoro ya uani, suruali safi na yote. Nikamwuliza nani alikuzaa, nikapiga makofi. Mtoto akaona haya. Alisema ni vibaya kumtaja mama jina, bibi wa jirani alimkataza. Nikaendelea kupiga makofi bila kunyamaza, viganja vikawaka moto. Mwishowe, polepole, macho yake usoni pangu, akasema: Ri-zi-ki. Miaka mingi nilikuwa sijalisikia jina langu, maana watu huniita kwa jina la mtoto.

"Sema tena," nikamwambia. "Sitakufa."